Maisha ya Frederick Selous, Mwindaji Aliyezikwa Beho Beho

1. Kaburi lililoko porini

Ukitoka Morogoro mjini ukaelekea kusini, barabara hupanda na kushuka pembeni mwa milima ya Uluguru. Hupita Matombo, hupita Mvuha na Duthumi, kisha hufika Kisaki. Hapo milima inabaki nyuma. Mbele ni nchi tambarare ya Ukutu. Mto Mgeta, unaoanzia milimani, unapita katika nchi hiyo. Ukizidi kwenda kusini mashamba yanakwisha, na pori la wanyama linaanza.

Ndani ya pori hilo kuna mahali panapoitwa Beho Beho. Hapo lipo kaburi moja. Si kaburi la fahari. Ni jiwe lililolazwa juu ya ardhi, lenye kibao cha jina. Tembo na twiga hupita karibu yake. Aliyezikwa hapo ni Mwingereza aliyeitwa Frederick Courteney Selous. Jina hilo la mwisho hutamkwa Selu. Aliuawa kwa risasi mahali hapo tarehe 4 Januari 1917.

Ndugu msomaji, jina la Selous wengi tunalijua. Kwa karibu miaka mia moja pori lile lote liliitwa Pori la Akiba la Selous. Lakini wachache tunajua mtu mwenyewe alikuwa nani. Alitoka wapi? Alifanya kazi gani? Kwa nini pori la nchi yetu lilipewa jina lake? Tusome maisha yake, kisha kila mmoja wetu apime mwenyewe.

2. Mtoto wa London

Selous alizaliwa katika mji wa London, Uingereza, tarehe 31 Desemba 1851. Baba yake alikuwa mtu mwenye mali. Alimpeleka mtoto wake katika shule ya Rugby, shule maarufu ya watoto wa matajiri.

Toka utotoni Selous alipenda mambo ya porini. Alipanda miti kutafuta mayai ya ndege. Alikamata vipepeo akawahifadhi. Alisoma vitabu vya Wazungu waliosafiri Afrika, na moyo wake ukahamia huku kabla hajafika. Wazazi wake walitaka awe daktari. Walimpeleka Uswisi na Ujerumani aendelee na masomo. Yeye hakuutaka udaktari. Alitaka kuwa mwindaji.

Mwaka 1871 alipanda meli kwenda Afrika ya Kusini. Alikuwa na umri wa miaka 19. Mfukoni alikuwa na paundi 400, na wakati ule hizo zilikuwa fedha nyingi. Mfanyakazi wa kawaida wa Uingereza hakuweza kuzipata kwa miaka kadhaa ya jasho. Kwa hiyo tusidhani kwamba Selous alianza maisha mikono mitupu. Alianza akiwa na mtaji.

3. Kuomba ruhusa kwa Lobengula

Katika mwaka wa 1872 Selous alifika Bulawayo, katika nchi ambayo leo inaitwa Zimbabwe. Nchi hiyo ilikuwa na mfalme wake. Mfalme aliitwa Lobengula, naye aliwatawala Wandebele. Hakuna mgeni aliyeweza kuwinda huko bila ruhusa ya mfalme.

Selous alikwenda mbele ya Lobengula akaomba ruhusa ya kuwinda tembo. Mfalme alimtazama akamcheka. Alimwona ni kijana mdogo mno asiyeweza kazi hiyo. Hata hivyo alimruhusu.

Tulikumbuke jambo hili, maana litatusaidia mbele. Ardhi ile haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Ilikuwa na watu, ilikuwa na mipaka, na ilikuwa na sheria zake. Selous mwenyewe alilijua hilo. Ndiyo sababu aliomba ruhusa.

4. Kazi ya kuwinda tembo

Katika sehemu nyingi walizokaa tembo kulikuwa na mbung'o. Farasi akiumwa na mbung'o huugua na kufa. Kwa hiyo Selous alimwacha farasi wake nyuma, akawinda kwa miguu. Alitembea siku nzima juani akifuata nyayo. Silaha yake ilikuwa gobori kubwa na zito. Baruti na risasi zilishindiliwa kwa kupitia mdomo wa bunduki. Kila ikilia, ilimpiga begani kwa nguvu. Akikosa, hakuwa na nafasi ya kujaza tena kabla tembo hajamfikia.

Katika miaka mitatu, kuanzia 1872 hadi 1874, Selous aliua tembo 78. Pembe zake zilisafirishwa kwenda Ulaya. Huko zilitengenezwa vipini vya visu, mipira ya michezo na vipande vyeupe vya kubonyeza kwenye piano. Mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu aliuawa ili watu wa mbali wapate vitu vya starehe.

Selous hakuwinda peke yake. Alikuwa na Waafrika waliosoma nyayo, waliobeba bunduki, waliochota maji na waliomwonyesha njia. Walijua upepo unavuma kutoka wapi na tembo amepita saa ngapi. Bila wao asingerudi salama. Vitabu vyake vilimpa sifa yeye, lakini ujuzi mwingi ulikuwa wa watu hao.

Hatari nazo zilikuwa nyingi. Mara kadhaa alikoswakoswa na tembo. Mwaka 1888, katika nchi ambayo leo ni Zambia, kambi yake ilishambuliwa usiku. Baadhi ya watu wake waliuawa. Yeye alikimbilia gizani, akatembea siku nyingi hadi akapona.

Mwaka 1881 alitoa kitabu cha kwanza juu ya safari zake. Kilisomwa sana Uingereza, naye akawa mtu mashuhuri. Lakini wakati huo tembo walikuwa wamepungua sana katika sehemu alizowinda. Wawindaji walikuwa wengi na bunduki zilikuwa nyingi. Biashara ya pembe haikumlipa tena. Basi akaanza kazi nyingine. Aliwinda wanyama wa kila aina, akauza ngozi na mafuvu kwa majumba ya makumbusho ya Ulaya ili wataalamu wawachunguze. Aliandika kwa uangalifu juu ya tabia za wanyama. Wataalamu walimheshimu kwa sababu hakupenda kutia chumvi. Aliandika alichokiona.

5. Kiongozi wa njia ya wakoloni

Sasa tunafika mahali pagumu katika maisha ya Selous. Kwa karibu miaka ishirini alikuwa ametembea kote katika nchi zilizo kati ya mito ya Limpopo na Zambezi. Alijua njia, alijua maji yalipo, alijua milima. Ujuzi huo ulikuwa na thamani kubwa kwa watu waliotaka kuitwaa nchi.

Mtu mmoja wa namna hiyo aliitwa Cecil Rhodes. Alikuwa tajiri wa migodi ya Afrika ya Kusini. Aliunda kampuni, na serikali ya Uingereza ikaipa kampuni hiyo kibali cha kutawala nchi ya watu wengine. Mwaka 1890 Rhodes alipeleka msafara wa Wazungu wenye silaha kwenda nchi ya Washona. Aliyewaonyesha njia alikuwa Selous. Walikata miti, wakapasua barabara kwa mamia ya kilomita. Mwezi wa Septemba walifika mahali walipopandisha bendera ya Uingereza na kujenga ngome. Mji uliokua hapo waliuita Salisbury. Leo ni Harare.

Kijana aliyeomba ruhusa ya kuwinda alikuwa sasa anawaongoza watu wasioomba ruhusa ya kukaa. Mwaka 1893 kampuni ilimpiga vita Lobengula. Mfalme alikimbia Bulawayo, akafa mwaka uliofuata. Selous alipigana upande wa kampuni, akajeruhiwa. Mwaka 1896 wenyeji waliinuka kupigania nchi yao. Selous alipigana tena, akaandika kitabu cha kutetea upande wake. Waafrika walishindwa. Wananchi walinyang'anywa ardhi na ng'ombe. Nchi ikaitwa Rhodesia, kwa jina la Rhodes.

Wazimbabwe walipata uhuru wao mwaka 1980. Kabla ya hapo walipigana vita vya ukombozi miaka mingi. Katika vita hivyo serikali ya Wazungu iliunda kikosi mwaka 1973 kwa ajili ya kuwawinda wapigania uhuru. Kikosi hicho kilipewa jina la Selous. Wakati huo Tanzania ilikuwa ikiwasaidia wapigania uhuru wa kusini, na mkoa wetu wa Morogoro ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyowapokea. Chama cha ANC cha Afrika ya Kusini kilifanya mkutano wake mkubwa mjini Morogoro mwaka 1969, na baadaye kilijenga shule pale Mazimbu. Kwa hiyo jina lile lile lilikuwa jina la kikosi cha adui kule kusini, na hapa kwetu lilikuwa jina la pori.

6. Mzee anayerudi vitani

Mwaka 1894 Selous alioa. Baada ya vita vya 1896 alirudi kukaa Uingereza na mkewe. Walipata watoto wa kiume. Nyumbani kwake alijenga jengo la kuhifadhi vichwa na ngozi za wanyama aliowaua. Lakini hakuweza kutulia. Kila mara alisafiri kwenda kuwinda au kukusanya mayai ya ndege. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuja Afrika Mashariki kuwinda. Selous alikuwa mmoja wa waliomsaidia kuipanga safari hiyo.

Mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilianza. Nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani. Kenya ilikuwa chini ya Waingereza. Wakoloni waliogombana Ulaya wakaleta ugomvi wao huku kwetu. Selous alikuwa na umri wa miaka zaidi ya sitini. Aliomba kuingia jeshini, akakataliwa kwa sababu ya uzee. Hakukata tamaa. Mwaka 1915 alikubaliwa katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers. Kilikuwa kikosi cha watu wa kila namna, wakiwemo wawindaji na wasafiri. Mwezi wa Juni mwaka huo alipigana Bukoba, Waingereza walipouvamia mji ule kutoka ziwani.

Homa na kuhara viliwaangusha askari wa kikosi hicho kuliko risasi. Vijana walilazwa hospitali, mzee Selous akaendelea kutembea. Alipandishwa cheo akawa Kapteni. Mwaka 1916 naye aliugua, akarudishwa Uingereza kutibiwa. Mwaka huo alipewa nishani ya ushujaa. Angeweza kubaki nyumbani na nishani yake. Alipopona alirudi Afrika Mashariki.

7. Vita vyafika Uluguru

Wakati huo vita vilikuwa vimefika mkoani kwetu. Majeshi ya Waingereza, yakiongozwa na Jenerali Smuts, yaliingia Morogoro mjini tarehe 26 Agosti 1916. Wajerumani, wakiongozwa na Lettow-Vorbeck, walikuwa wameondoka. Walirudi nyuma kwa kuizunguka milima ya Uluguru pande zote mbili, mashariki na magharibi. Walitaka wasizingirwe.

Mwezi wa Septemba yalitokea mapigano Kisaki. Waingereza walirudishwa nyuma kwanza. Baadaye Wajerumani waliiacha Kisaki wakajichimbia kwenye mto Mgeta. Majeshi yote mawili yalikuwa yamechoka na kupungukiwa chakula na dawa. Yakakaa yakitazamana kwa miezi kadhaa.

Ni lazima tuelewe maana ya hali hiyo kwa wanakijiji. Majeshi mawili yalikuwa yamekaa juu ya mashamba yao. Askari wanataka kula. Mahindi, mtama, kuku na mbuzi vilichukuliwa. Wanaume walichukuliwa kubeba mizigo. Wanawake walibaki na watoto, na msimu wa kupanda ulipofika mikono ilikuwa michache. Watu wa Ukutu na wa Uluguru hawakuwa na ugomvi na Waingereza wala na Wajerumani. Lakini walilipa gharama ya ugomvi huo.

8. Siku ya Beho Beho

Mwaka mpya wa 1917 ulipoanza, Waingereza walianza tena kushambulia. Walitaka kuwasukuma Wajerumani kutoka Mgeta hadi mto Rufiji. Kikosi cha Selous kilipelekwa mbele ili kuwazuia Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma. Kikosi hicho kilikuja Afrika na watu zaidi ya elfu moja. Sasa waliokuwa na nguvu za kutembea walikuwa wachache sana.

Tarehe 4 Januari 1917 walikutana na Wajerumani karibu na Beho Beho. Nchi ile ina vilima na vichaka. Askari wa upande wa Wajerumani walikuwa wamejificha, wakipiga risasi kwa shabaha. Selous alikuwa mbele ya watu wake. Aliinua kichwa apate kuona risasi zinatoka wapi. Risasi moja ikampiga kichwani, akafa. Alikuwa ametimiza miaka 65 siku nne tu kabla ya hapo.

Walimzika hapo hapo, chini ya mkwaju. Baadaye jiwe liliwekwa juu ya kaburi lake. Mwaka mmoja kamili uliofuata, tarehe 4 Januari 1918, mwanawe mkubwa naye aliuawa. Alikuwa rubani wa ndege za vita huko Ulaya. Mama mmoja alipoteza mume na mtoto kwa tarehe moja.

9. Wasio na makaburi

Ndugu msomaji, kaburi la Selous linajulikana. Wageni kutoka nchi za mbali huja kulitazama. Mjini Morogoro pia yapo makaburi ya askari wa vita hivyo, na yanatunzwa. Lakini je, wale waliobeba mizigo wamezikwa wapi?

Katika vita hivyo hapakuwa na malori ya kutosha, na barabara zilikuwa mbaya. Wanyama wa kubeba mizigo waliuawa na mbung'o. Kwa hiyo risasi, unga, dawa na hata vipande vya mizinga vilibebwa kichwani na mabegani mwa watu. Watu hao waliitwa wapagazi. Walitoka Tanganyika, Kenya, Uganda, Kongo na nchi nyingine. Wengi wao walichukuliwa kwa nguvu. Walitembea mvua na jua, wakilala chini bila blanketi la kutosha. Walipewa unga usiokobolewa vizuri na usioiva, wakashikwa na kuhara. Walikufa kwa kuhara, kwa homa ya mapafu na kwa malaria.

Kumbukumbu za Waingereza wenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wao katika vita vya Afrika Mashariki. Upande wa Wajerumani hesabu haikuwekwa vizuri. Nao wanakijiji waliokufa kwa njaa hawakuhesabiwa kabisa. Wengi wa wapagazi hao walizikwa pembeni mwa njia bila alama yoyote. Katika mji wa Dar es Salaam jina la Kariakoo linatokana na jina la Kiingereza la jeshi hilo la wapagazi, kwa kuwa walikuwa na kambi pale. Watu wengi huenda Kariakoo kununua bidhaa bila kujua kwamba wanataja kumbukumbu ya wafu wa vita.

Kwa hiyo tukisimama kwenye kaburi la Beho Beho, tukumbuke kwamba pori lile lote ni kaburi. Mtu mmoja amewekewa jiwe. Maelfu hawana.

10. Pori na majina yake

Pori lile lilianza kuhifadhiwa kabla ya Selous kufika. Mwaka 1896 Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitenga sehemu ya nchi karibu na Rufiji ili wanyama wasiwindwe ovyo. Wananchi wa sehemu hizo waliliita pori hilo Shamba la Bibi. Inasimuliwa kwamba mfalme wa Ujerumani alimpa mkewe pori hilo kuwa zawadi. Katika usemi huo mna kejeli ya watu waliozuiwa kuingia mahali ambapo babu zao waliwinda, walilima na kurina asali.

Mwaka 1922, nchi ikiwa chini ya Waingereza, pori lilipewa jina la Selous ili kumkumbuka. Baadaye mipaka ilipanuliwa. Katika miaka ya 1930 na 1940 serikali ya kikoloni ilihamisha vijiji kutoka sehemu kadhaa. Sababu zilizotolewa ni ugonjwa wa malale na uharibifu wa tembo mashambani. Watu waliacha makaburi ya wazee wao na miembe waliyoipanda. Huko pia hawakuulizwa kwanza.

Pori lilifikia ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 50,000. Mwaka 1982 lilitangazwa kuwa Urithi wa Dunia. Mwaka 1976 tembo waliohesabiwa katika eneo la Selous walikuwa karibu 109,000. Lakini majangili walifanya kwa bunduki za kisasa kazi ile ile aliyoifanya Selous kwa gobori. Mwaka 2013 walihesabiwa tembo kama 13,000 tu. Mwaka 2014 pori liliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Pembe bado zilikwenda nchi za mbali, na bado zilitengenezwa vitu vya anasa.

Mwaka 2019 serikali ya Tanzania ilichukua sehemu ya kaskazini ya pori hilo, yenye kilomita za mraba zaidi ya 30,000, ikaifanya Hifadhi ya Taifa. Iliitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mwalimu Nyerere alitangaza huko Arusha, mwezi wa Septemba 1961, kwamba wanyamapori ni amana ambayo nchi itailinda kwa ajili ya watoto na wajukuu. Beho Beho imo ndani ya hifadhi hiyo. Sehemu iliyobaki kusini iliendelea kuitwa Pori la Akiba la Selous. Kwa hiyo leo kaburi la Selous limo katika hifadhi ya Nyerere. Mgeni amelala katika nyumba yenye jina la mwenyeji.

11. Kwenda kuona wenyewe

Mbuga, misitu na mahali pa vita si mali ya wageni peke yao. Ni mali ya umma, na mwananchi ana haki ya kwenda kuviona. Darasa la kisomo, shule au kikundi cha kijiji kinaweza kupanga safari. Haya ni mambo machache ya kukumbuka.

Kwanza, ulizeni mapema ofisi za hifadhi kuhusu kibali na ada. Ada ya raia wa Tanzania ni ndogo kuliko ya mgeni. Kaburi la Beho Beho limo ndani ya hifadhi, na halifikiwi kwa miguu bila kibali na askari wa wanyamapori. Tembo, nyati na simba hawajui nani ni mwenyeji.

Pili, nendeni wakati wa kiangazi. Wakati wa masika barabara za Kisaki huharibika na mito hufurika.

Tatu, msiokote wala kuondoa kitu. Ganda la risasi au kipande cha chuma cha zamani kinaonyesha mahali mapigano yalipotokea. Kikiondolewa, ushahidi umepotea. Tena risasi ya zamani au kombora laweza kulipuka.

Nne, msisahau milima yenyewe. Msitu wa Uluguru ulifanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008. Humo mna mimea na ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Maji ya mto Mgeta waliyoyapigania wakoloni yanatoka humo, na mto Ruvu unaowapa maji watu wa Dar es Salaam nao unaanzia huko. Anayechoma msitu juu mlimani anamnyima maji ndugu yake wa chini.

12. Tumpime Selous

Basi Selous alikuwa mtu wa namna gani? Alikuwa jasiri. Alikuwa mchapakazi, na aliandika ukweli juu ya wanyama. Hayo hatuwezi kumnyima. Lakini pia aliwaonyesha wakoloni njia ya kuingia katika nchi iliyompokea vizuri. Aliua tembo wengi kwa ajili ya biashara, na akafa katika vita ambavyo havikuwa vya wenye nchi. Mambo hayo yote ni ya mtu mmoja. Historia nzuri haifichi upande mmoja ili upande mwingine ung'are.

Selous alikumbukwa kwa sababu aliandika vitabu, na kwa sababu wenzake waliandika juu yake. Wapagazi hawakuandika, wala hakuna aliyewaandikia. Sasa wewe unajua kusoma na kuandika. Walioviona vita vile wamekwisha kufa, lakini katika vijiji vya Kisaki, Duthumi, Matombo na Mgeta wapo wazee waliosimuliwa na babu na bibi zao. Wanajua nani alichukuliwa kubeba mizigo akarudi, na nani hakurudi. Chukua daftari ukae nao. Andika jina la mtu, kijiji chake na ukoo wake. Mzee akiondoka kabla hujamwuliza, majina hayo yanaondoka naye.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini Selous alimwomba Lobengula ruhusa mwaka 1872? Mwaka 1890 mambo yalikuwa tofauti namna gani?
2. Wapagazi walikuwa watu gani? Kwa nini wengi wao walikufa?
3. Kwa nini wananchi waliliita pori Shamba la Bibi?
4. Je, ni haki mahali paitwe kwa jina la mtu aliyewinda hapo au aliyefia hapo? Toeni sababu za kila upande.
5. Kijiji chenu kinapata faida gani na hasara gani kwa kuwa karibu na msitu au hifadhi? Hasara hizo zipunguzwe namna gani?
6. Mwulizeni mzee mmoja habari za vita zilizopita kijijini kwenu. Andikeni habari hizo kwa ukurasa mmoja, mzisome darasani.